Namba sita anasumbua: dalili, chanzo na cha kufanya kabla hujamtoa

Wakuu, timu ikifungwa mechi mbili mfululizo wa kwanza kunyooshewa kidole ni kipa, wa pili namba sita, yaani kiungo wa chini anayecheza mbele ya mabeki. Kipa angalau kazi yake inajulikana. Sita hana utetezi maana kila mtu pale kibanda umiza ana sita wake kichwani, huyu anamtaka Makelele, yule anamtaka Pirlo, na kijana aliyepo uwanjani siku hiyo sio huyu wala yule. Malalamiko yanayorudi kila msimu ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili chanzo kinachotokea sana kinatangulia, cha nadra kinakuja mwisho, na unaanza na vitu vya bure, vya kuangalia tu kwa macho, afu ndio uingie kwenye kubadili mfumo.

Kwanza jua una sita wa aina gani

Hii sio dalili ila ukiiruka yote ya chini hayatakusaidia.

Kuna mkata umeme. Mfano wake ni Claude Makelele, mzaliwa wa Kinshasa, Real Madrid 2000 mpaka 2003 kisha Chelsea. Anapora, anampa aliye karibu anayejua mpira kuliko yeye, anarudi pale pale aliposimama. Casemiro yumo humu pia ingawa yeye akiona upenyo anapanda kufunga.

Kuna mchezeshaji wa chini: Pirlo, Xabi Alonso, Jorginho. Huyu anakaa chini kwa sababu huko ndiko anapata muda wa kuona uwanja wote, sio kwa sababu anajua kukaba. Pirlo alianza kama namba kumi kabisa, yaani mchezeshaji wa mbele nyuma ya straika, 2001 akiwa kwa mkopo Brescia kocha Carlo Mazzone akamshusha maana kumi alikuwepo Roberto Baggio, na ungemfanyaje Baggio? Kocha Ancelotti akaendeleza pale pale Milan.

Kuna mshika nafasi: Busquets, Rodri. Hana mbio, hakwatui (kumrukia mtu miguuni kupora mpira) sana, ila mpira ukivunjika popote unamkuta. Kwa huku kwetu Khalid Aucho, yule Mganda aliyechukuliwa na Yanga 2021, mimi namweka humu ingawa wengi wanamuita mkata umeme. Mtazame anavyosimama kabla mpira haujafika utaelewa nasema nini.

Na kuna kiungo punda. N'Golo Kanté, bingwa na Leicester 2016, bingwa na Chelsea 2017, anakaba eneo la watu wawili. Punda anaweza kucheza sita, ila ukimfunga pale chini peke yake umejinyima kitu chake bora, yaani miguu.

Mwandike wako kwenye karatasi, yuko wapi kati ya hao wanne. Ukishindwa kuamua, waulize mabeki wake wa kati, wao wanajua.

Dalili: mpira ukipotea tu, mabeki wa kati wanabaki ana kwa ana na mastraika

Hili ndio lalamiko linaloongoza, na jibu la haraka la watu ni "sita anakaba kwa macho". Subiri kwanza.

Cha bure cha kuangalia: mpe mtu simu akae juu, jukwaani kama jukwaa lipo, kama halipo hata juu ya gari, arekodi uwanja mzima badala ya kukimbiza mpira. Jioni simamisha video kila pale mlipopoteza mpira na uhesabu watu wenu walioko nyuma ya mpira. Ukikuta watatu, yaani mabeki wawili na sita wenu, mara tano sita hivi kwenye mechi moja, basi hata umlete nani hapo atapitwa.

Chanzo cha kwanza ni hicho hicho, mabeki wote wawili wa pembeni wamepanda, namba nane (viungo wa kati wa kupanda na kushuka) wote wawili wamepanda, na sita ameachiwa upana wa uwanja mzima. Liverpool ya 2013/14 ndio somo zuri kuliko yote hapa. Kocha Rodgers alimshusha Gerrard akiwa na miaka 33 akawa anapiga pasi ndefu kutoka chini, wakafunga mabao 101 kwenye ligi, raha tupu, ila wakafungwa 50, wakati Chelsea waliomaliza nyuma yao walifungwa 27. Watu wanakumbuka Gerrard kuteleza tarehe 27 Aprili mbele ya Demba Ba, picha hiyo haitakaa ifutike, lakini mabao 50 hayakuletwa na kuteleza mara moja, yaliletwa na timu kupanda yote na kumwachia mtu ambaye sio mkabaji alinde njia peke yake. Tiba: beki mmoja wa pembeni akipanda mwenzake anabaki, na kati ya nane wawili mmoja haruhusiwi kupita mpira mpaka krosi ipigwe. Sema hivyo hivyo, kwa majina, sio "tusipande wote" maana hapo kila mtu atadhani anaambiwa mwenzake.

Cha pili, sita wenu ni mchezeshaji na hana wa kumsaidia. Pirlo Milan alikuwa na Gattuso ubavuni, Juventus alikuwa na Vidal na Marchisio wakikimbia pande zote mbili, Alonso pale Liverpool alikuwa na Mascherano. Hakuna kocha mwenye akili aliyewahi kumwacha Pirlo akabe kaunta (shambulizi la ghafla mpira ukipotea) peke yake. Kwa hiyo swali sio kwa nini hakabi, swali ni Gattuso wenu yuko wapi. Na kinyume chake kipo pia, kumuuza mkabaji ukidhani wachezeshaji watajikabia. Madrid majira ya joto ya 2003 walimleta Beckham wakamwachia Makelele aende Chelsea, msimu uliofuata wakapoteza mechi tano za mwisho za ligi wakamaliza wa nne, na timu ile ilikuwa na Zidane, Figo, Raúl na Ronaldo.

Cha tatu, sita ni mkata umeme wa kweli ila anaufuata mpira kila unapoenda. Kwenye video utamuona karibu na chaki ya pembeni wakati mpira unarudishwa katikati, na katikati hakuna mtu. Hapo tatizo ni bidii kuzidi. Mazoezini weka koni upana wa boksi la 18 kutoka goli moja hadi lingine, mwambie haruhusiwi kutoka nje ya njia hiyo isipokuwa beki wenu wa pembeni amekwisha kupitwa. Wiki mbili za kwanza atakasirika, atasema hagusi mpira, muache akasirike.

Cha nne, mabeki wenu wanaogopa mbio za straika wa upande wa pili kwa hiyo wanarudi mpaka mlangoni kwa kipa, na kati yao na sita kunakuwa na shimo ambalo namba kumi anaingia anageuka anapiga. Lawama inaenda kwa sita maana ndio yuko karibu na shimo. Angalia umbali tu: ukizidi hatua kumi na tano hivi, ama wapandishe mabeki, ama umshushe sita, viwili hivyo haviwezi kubaki vilivyo.

Na cha nadra kabisa ni kocha mwenyewe kuamua leo hamna sita. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Porto tarehe 29 Mei 2021, Manchester City na Chelsea, kocha wa City Guardiola aliwaweka benchi Rodri na Fernandinho wote wawili, Gündoğan akawa wa chini, dakika ya 42 Mount akapitisha pasi katikati ya uwanja, Havertz akaenda akafunga, 1-0, na mchezaji bora wa mechi akawa Kanté wa upande wa pili. Kama Guardiola yalimkuta na we usijaribu siku ya fainali ya ndondo.

Simama hapa: kama umebadilisha vitu viwili kwenye mechi moja usiongeze cha tatu. Hutajua kipi kilisaidia na wachezaji watakuwa hawajui wasimame wapi.

Dalili: tunamiliki mpira vizuri ila hauendi mbele, ni pembeni na nyuma tu

Kwa hii watu wanasema "sita wetu hana jicho". Mara chache sana ndio hivyo.

Kinachoongoza ni namna anavyosimama kupokea. Mpira unatoka kwa beki, yeye amemgeukia beki mwili mzima, goli la wapinzani liko mgongoni, sasa mtu wa namna hiyo atapiga wapi kama sio kurudisha? Kipimo cha bure: kwenye ile video hesabu mara ngapi anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Kama ni sifuri, umeshapata. Busquets alikuwa anaangalia begani kwanza, anasimama ubavu, mguu wa mbali ndio unapokea, na kwa kugusa mara moja ameshageuka. Zoezi lake halina gharama, wewe simama nyuma ya sita ukiwa na vizibao vya mazoezi vya rangi mbili, mwenzako anampigia pasi, kabla hajaigusa lazima aseme umeinua rangi gani. Dakika kumi kila mazoezi. Inaonekana mchezo wa watoto ila ndio inayotibu.

Kinachofuata ni kwamba wapinzani wamemwekea mtu. Hapa mfano ni Pirlo tena, mwaka 2010, Ferguson alimpa Park Ji-sung kazi moja tu kwenye zile mechi mbili za Milan na Manchester United, mfuate Pirlo. United wakashinda 3-2 San Siro na 4-0 Old Trafford. Miaka miwili baadaye, robo fainali ya Euro 2012 pale Kyiv, Waingereza wakamwacha ajitawale dakika 120, wakaponea 0-0 afu wakatolewa kwa matuta, na Pirlo akamdokolea kipa Joe Hart penalti katikati. Yaani mtu yule yule, tofauti ni kama kuna mtu begani kwake au hakuna.

Ukigundua sita wako amefungiwa mtu fanya kwa mpangilio huu. Kwanza beki wa kati aupandishe mpira mwenyewe kwa mguu, anatembea nao tu mpaka mtu atoke kumkaba, na anayetoka mara nyingi ni yule yule aliyekuwa amemganda sita. Isipofaa, sita ahame, aende pembeni polepole amvute mlinzi wake, na nane ashuke kwenye nafasi iliyobaki wazi. Isipofaa tena, sita ashuke kati ya mabeki wawili wa kati ama pembeni yao kama Kroos alivyokuwa anafanya Madrid, anatokea kushoto kabisa kule ambako kumi wa wapinzani anaona uvivu kumfuata. Na ukiwa na beki anayejua kupiga, mtumie, Juventus walipobaniwa Pirlo ilikuwa Bonucci ndio anatupa zile ndefu za mgongoni mwa mabeki.

Cha tatu: wa mbele wanajificha. Sita kageuka vizuri, kainua kichwa, kila mtu kasimama nyuma ya mkabaji wake. Hili ukiwa nje huwezi kuliona ila yeye analiona, muulize mapumziko kabla hujampigia kelele.

Cha nne, umempa mkata umeme kazi ya fundi. Mtu wa miaka 28 aliyekaa maisha yake yote akipora na kutoa pasi ya hatua tano hutamfundisha kutoboa mistari (pasi za kupita katikati ya wapinzani) kwa wiki tatu. Madrid hawakujaribu kumgeuza Casemiro kuwa Pirlo, walimweka Kroos na Modrić kila upande, mpira ukipatikana tu anawapa wao, Ligi ya Mabingwa Ulaya ikachukuliwa 2016, 2017 na 2018. Mpe jirani anayejua, kazi imeisha.

Halafu kuna uwanja. Kiwanja kikiwa na mashimo na mpira unaruka kama chura, hizo pasi za kupokea mbele ya boksi lenu wenyewe zitawaua, na hapo sita aliyepiga ndefu bila aibu ni sita mwenye akili. Nashangaa makocha wanaowaonyesha vijana video za Barcelona ya 2011 afu wanawapeleka kwenye changarawe.

Dalili: viungo wawili wa chini wanagongana, au wanaachiana

Dalili ndogo yake ni ile wote wawili wanarukia mpira mmoja, ama wote wawili wanamnyooshea mwenzake mkono baada ya goli.

Karibu kila mara chanzo ni kwamba hujawaambia nani anatoka na nani anabaki. Haihitaji hata mazoezi, ni maneno: mpira ukiwa upande wako we unatoka, mwenzako anakuja nyuma yako. Wakipanda, mmoja tu, na aliyepanda mara ya mwisho ndio anabaki safari inayofuata.

Ikiwa umeshasema na bado, angalia aina. Wachezeshaji wawili pamoja watapendeza mpaka mtakapopoteza mpira, wakata umeme wawili watalinda mpaka mtakapoupata. Chelsea ya Sarri 2018/19 iligombaniwa kweli kweli kwa hili, Jorginho alikuja kutoka Napoli akawekwa sita, Kanté akasogezwa kulia mbele kidogo, na mashabiki wakawa wanapiga kelele kwa nini mkabaji bora duniani hakabi. Binafsi naona Sarri hakuwa mjinga kama walivyomfanya, alichukua Europa League msimu ule na nafasi ya tatu kwenye ligi. Ila Tuchel alipokuja akawaweka wawili wale wale bega kwa bega na mabeki watatu nyuma yao, Jorginho anapanga, Kanté anawinda, wakachukua Ulaya 2021. Wachezaji wale wale. Mabeki watatu walimpa Jorginho ulinzi wa nyuma na walimpa Kanté ruhusa ya kuondoka.

Kama unao wawili wa aina moja na huna mwingine, usilazimishe, mmoja aanze mmoja aingie dakika ya 60.

Dalili: kadi ya njano kabla ya mapumziko, kila wiki

Usianze na hasira zake. Anza na alikuwa wapi sekunde tatu kabla ya faulo. Mara nyingi alikuwa hatua nne mbali na pale alipotakiwa, kwa hiyo anafika kachelewa, na anayefika kachelewa ana mguu wa mtu tu wa kupiga. Xabi Alonso aliwahi kusema wazi kwamba kukwatua kwake ni njia ya mwisho, sio sifa ya kumfundisha mtoto ajivunie, na mi nakubaliana naye asilimia zote.

Chanzo cha pili ni kwamba anasafisha makosa ya wengine, yaani ni ile dalili ya kwanza imekuja kwa sura nyingine, kaunta inakuja yuko peke yake anaamua kumwangusha mtu. Rudi juu ukaitibu ile.

Cha tatu ni kutojua wapi pa kucheza faulo. Casemiro alikuwa mwalimu wa hili, anaivunja kaunta mapema, mbali huko upande wa wapinzani, kwa kushika jezi kidogo na kumwinua mtu huku anacheka na refa. Faulo ile ile ukiicheza mbele ya boksi lako ni kadi na mpira wa adhabu wa hatari.

Cha mwisho kweli ni tabia. Kama anaingia na miguu miwili, au anamfuata mtu aliyemkera dakika kumi zilizopita, huyo mtoe siku hiyo hiyo kabla hajavunja mguu wa mtoto wa mwenzio, na akirudia hana nafasi mpaka mzee mmoja wa timu anayemheshimu akae naye chini waongee.

Dalili: mipira ya pili yote inaokotwa na wapinzani

Hii fupi. Kipa wao anapiga mrefu, beki wenu anaruka anapiga kichwa, mpira unadondoka, wao wanaokota. Sita wenu alikuwa wapi? Tisa kati ya kumi alikuwa ameruka na yeye, au amesimama mstari mmoja na mabeki. Asiruke, mwenye kuruka ni beki, yeye asimame hatua nane kumi mbele ya yule anayeruka.

Kama anasimama sawa na bado anakosa, basi ni mwili, na hapo hakuna ujanja, kuna mechi unahitaji mtu wa aina ya Victor Wanyama. Kijana wa Nairobi yule usiku wa Celtic na Barcelona, Novemba 2012, alifunga kwa kichwa kwenye kona na Celtic wakashinda 2-1 huku mpira karibu wote wakiwa nao kina Xavi. Mechi za mipira ya juu mpange wa namna hiyo, hata kama pasi zake sio za kupigia picha.

Dalili: anaanza vizuri, kuanzia dakika ya 60 hayupo

Chanzo kinachoongoza ni umbali anaokimbia kwa sababu timu imetanuka, mastraika wako kule mabeki wako huku na yeye anaunganisha kwa miguu. Utajua kwa kuangalia mwenzake wa upande wa pili, kama naye amekata pumzi basi tatizo ni timu.

Kisha vitu vya kawaida tu. Amekula nini, saa ngapi? Amekunywa maji? Jana alikuwa kazini, bodaboda mpaka saa sita usiku? Mechi ya saa tisa mchana Dar mwezi wa pili na mtu hajanywa maji tangu asubuhi hutamlaumu kwa mbinu. Tiba ya haraka ni kumtoa dakika ya 60 kabla hajafanya kosa, sio baada.

Umri upo, na wa umri tiba yake ni kumpa punda ubavuni, asiambiwe akimbie zaidi.

Ila sehemu hii ndio yenye hatari halisi kwa hiyo soma polepole. Haya hayatibiwi na kocha wala na yule mzee wa kukanda kwa maji ya moto:

Goti limejipinda bila kugongwa na mtu, akasikia kama kitu kimekatika, likavimba masaa machache baadaye ama linamwachia akigeuka. Usimnyooshe, usimkande, asirudi uwanjani "kulijaribu". Hospitali, daktari wa mifupa. Ndio aina ya jeraha lililomtoa Rodri Septemba 2024 dhidi ya Arsenal, msimu wote ukaisha hapo kwa sehemu kubwa, na yeye alikuwa na madaktari kila kona.

Kichwa kimegongwa na amepoteza fahamu hata kidogo, au anauliza matokeo ni ngapi mara mbili mbili, au anatapika, au anaona vitu viwili viwili. Anatoka, harudi mechi hiyo kabisa hata akisema yuko poa, na anaonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu akiwa anakimbia, moyo kwenda mbio usiotulia, au ameanguka mwenyewe bila mtu kumgusa. Huyu hachezi tena mpaka apimwe moyo. Akianguka asipumue, anza kumkandamiza kifua hapo hapo wakati wengine wanatafuta usafiri, usisubiri. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alikuwa kiungo wa chini, mtu wa nguvu, miaka 28, akaanguka katikati ya uwanja Lyon tarehe 26 Juni 2003 kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara na Colombia na hakuamka, baadaye ikaonekana misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida. Mtu anaonekana mzima kabisa.

Na homa. Mtu mwenye homa hachezi, apimwe malaria kwanza, hakuna kumeza panado akaingia.

Dalili: sita akikosekana timu nzima inakufa

Tumeona hii kwa wakubwa, sio aibu. Rodri alipofungiwa mwishoni mwa Septemba 2023 City walicheza mechi tatu wakapoteza zote, Newcastle, Wolves, Arsenal. Alipoumia mwaka uliofuata wakaja kupoteza tano mfululizo, kitu ambacho Guardiola hakuwahi kukiona tangu aanze kufundisha, msimu wakamaliza wa tatu. Liverpool nao walikuwa wa pili 2009, wakamuuza Alonso, wakamaliza wa saba, ingawa pale kulikuwa na matatizo mengine mengi.

Chanzo cha kwanza ni kwamba mbadala ni wa aina nyingine ila anapewa kazi ile ile. Unamtoa mshika nafasi, unamwingiza punda, afu unashangaa katikati kuna uwazi, wakati punda wako yuko kule kwenye kona anafukuzana na winga. Linganisha na Hispania fainali ya Euro 2024, Rodri aliumia akatoka mapumziko, akaingia Zubimendi, mtu wa kazi ile ile, mkao ule ule, England wakafungwa 2-1 na wala hukuona timu imebadilika.

Cha pili, mbadala ni wa aina hiyo kweli ila hana dakika. Mwaka mzima amekaa benchi, siku ya kwanza kuanza ni nusu fainali.

Kwa hiyo kama una mbadala wa aina moja, mpe dakika ishirini za mwisho kila mnapoongoza mabao mawili, acheze sita sio beki wa pembeni kwa sababu tu kuna nafasi huko. Kama huna wa aina moja, usimpe kazi ya mwenzake, badilisha mfumo: weka wawili chini badala ya mmoja, toa namba kumi, mtafunga machache ila mtakuwa bado mnacheza mpira. Na kama mbadala pekee ni mtoto wa miaka 15 au 16 mwenye kipaji, hapo acha ujuaji, mtafute kocha mwenye leseni aliyesomea kufundisha vijana akuambie acheze dakika ngapi na apumzike siku ngapi, maana magoti ya umri huo yakiharibika hayana mbadala benchi.